Umeambiwa "wameona mabadiliko": namna ya kuishi na hofu mpaka siku ya kliniki

Toa ile karatasi ya majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi uliyopewa kliniki uisome tena, mchana, ukiwa umekaa na umekula. Wanawake wengi huisoma mara moja tu, wamesimama koridoni, kisha wakaikunja mara nne na kuificha chini ya nguo kabatini. Kuanzia hapo kinachosomwa kila usiku ni kumbukumbu ya karatasi, na kumbukumbu huongeza chumvi. Aliyeandikiwa "VIA chanya", yaani kipimo cha siki kimeonyesha doa, akifika nyumbani Igoma ameshajihesabu mgonjwa wa saratani. Aliyeandikiwa "rufaa Bugando", ile hospitali kubwa ya Mwanza, ameshaanza kuwaza watoto watabaki na nani.

Kwa hiyo tuanze na karatasi, ndipo twende kwenye usingizi, mume, majirani na nauli. Sioni kama hofu hii inapungua kwa kuambiwa "usijali, mtegemee Mungu". Hupungua mtu akijua majibu yake yako ngazi gani, hatua inayofuata ni ipi, na itafanyika tarehe gani. Mungu tumtegemee, na tarehe tuwe nayo.

Kilichoandikwa

Vituo vingi hupima kwa VIA. Muuguzi anafungua uke kwa spekulamu, anapaka mlango wa kizazi siki iliyopimwa ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja nzima, kisha anaangalia kwa taa. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Doa jeupe zito, lenye kingo zinazoonekana, likiwa karibu na tundu la mlango wa kizazi, ndilo linaloandikwa chanya. Shida ni kwamba maambukizi ya kawaida nayo yanaweza kutoa weupe, na hata ngozi ya mlango wa kizazi inapojibadilisha kwa kawaida yake katika umri wa kuzaa inaweza kuweka weupe hafifu unaomchanganya mpimaji. VIA ni kama nyavu ya dagaa: inanasa vingi, uchambuzi unafanyika baadaye. Ukiwa chanya, maana yake umo kwenye kundi linalotakiwa kuangaliwa au kutibiwa mapema. Hakuna aliyesema una saratani.

Majibu ya VIA yako ya aina tatu: hasi, chanya, na "inashukiwa saratani". Haya mawili ya mwisho hayafanani hata kidogo, na kuyachanganya kunaumiza watu pande zote mbili. "Inashukiwa saratani" maana yake mpimaji ameona kidonda, uvimbe, au nyama inayotoa damu ikiguswa. Hapo hutibiwi palepale. Unapewa rufaa, kinyama kidogo kinachukuliwa na kupelekwa maabara, na kusubiri miezi si sawa. Kama karatasi haisomeki, rudi uulize kwa maneno haya: "Sista, mimi ni chanya, au nashukiwa saratani?" Ni swali la nusu dakika na hakuna muuguzi atakayelichukia.

Kipimo cha HPV, virusi vinavyoweza kusababisha saratani hii, ni kitu kingine. Sampuli inachukuliwa kwa brashi, na mahali pengine mwanamke anajichukulia mwenyewe nyuma ya pazia. Majibu yanasema tu kama una virusi vya aina zile hatari. Hayasemi mlango wa kizazi una hali gani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, lakini kuwa na virusi hivi na kuwa na saratani ni vitu viwili vilivyo mbali. Watu wengi waliowahi kujamiiana hupata HPV wakati fulani maishani, na kwa takribani tisa kati ya kumi mwili huifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Wanaofuatiliwa ni wale ambao virusi vimekaa.

Ukipimwa Pap, yaani seli za mlango wa kizazi zikakwanguliwa na kuangaliwa maabara, utakutana na herufi. ASC-US: seli chache hazieleweki. LSIL: mabadiliko madogo, ambayo mengi hupotea yenyewe. HSIL: mabadiliko makubwa, yanayotaka kuangaliwa kwa kolposkopi, yaani mlango wa kizazi unatazamwa kwa kioo cha kukuza, na mara nyingi kutibiwa. AGC haitokei mara nyingi. Inahusu seli za tezi na huhitaji uchunguzi zaidi, hata ndani ya mfuko wa uzazi.

Halafu kuna CIN, inayoandikwa baada ya kinyama kusomwa maabara. Hii imewanyima watu usingizi kuliko zote, kwa sababu ya namba. CIN 3 sio saratani hatua ya tatu. Namba inaeleza seli zilizobadilika zimepanda kiasi gani kwenye unene wa ngozi ya juu ya mlango wa kizazi: 1 ni theluthi ya chini, 2 ni theluthi mbili, 3 ni karibu unene wote. Zote tatu ziko ndani ya ngozi ya juu, hazijatoboa kwenda chini. Ikishatoboa ndipo inaitwa saratani, na hapo hesabu ya hatua inaanza upya kwa namba nyingine kabisa. Ukiona CIN 3, tiba inahitajika, na ndiyo ngazi ambayo tiba inafanya kazi vizuri sana.

Na muda je? Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga iliyodhoofika, mfano anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Ukiwa chanya na umepangiwa kliniki wiki tatu mbele, wiki hizo tatu hazitakugeuza mgonjwa wa saratani. Ukizifanya miaka mitatu, hesabu inabadilika.

"Mbona mwenzangu katibiwa siku ileile?"

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini sana, kwa sababu anayeuliza ameshajijibu kwamba ya kwake ni mbaya zaidi.

Tiba ya palepale kituoni ni ya aina mbili. Kugandisha: kichwa cha chuma kinachopozwa kwa gesi kinagusishwa mlango wa kizazi dakika 3, kinaachwa dakika 5 barafu iyeyuke, kisha dakika 3 tena. Kuunguza kwa joto: kichwa kilichopashwa hadi nyuzi 100 hivi, kwa sekunde 20 hadi 30, pengine kikarudiwa sehemu ya pili. Zote mbili zina masharti yaleyale. Doa lisizidi robo tatu ya mlango wa kizazi, lionekane lote, lisiingie ndani ya tundu, na kusiwe na dalili yoyote ya saratani.

Doa likivuka sharti mojawapo, unapelekwa kwa LEEP: sindano ya ganzi, kisha kitanzi chembamba cha waya wenye umeme kinakata sehemu iliyobadilika, na kipande kinakwenda maabara. Kwa hiyo rufaa mara nyingi inaeleza ukubwa wa doa au mahali lilipo. Wakati mwingine haielezi hata hilo: gesi imeisha, mashine imeharibika, au aliyesomea kazi hiyo yuko likizo. Uliza sababu ya rufaa na uombe iandikwe. Mtu akijua kwamba amepelekwa hospitali ya mkoa ya Sekou Toure kwa sababu mtungi hauna gesi, atalala.

Jambo moja la huku kwetu linalosahaulika ni kichocho. Kichocho cha mkojo kinaweza kuacha mayai yake kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, yakaleta mabaka kama chembe za mchanga na damu inayotoka kirahisi, na mtu asiyekijua akadhani ni kitu kingine. Kinapatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya bara, upande wa Misungwi na Kwimba, kuliko ziwani penyewe ambako kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Kama umekulia kwenye malambo, au uliwahi kukojoa damu utotoni, mwambie mpimaji. Dawa yake ni prazikwanteli, na haichukui nafasi ya tiba ya doa. Unaweza kuhitaji zote mbili.

Saa nane za usiku

Mabadiliko ya awali hayaumi. Hayawashi, hayavuti tumbo, hayapigi kiuno. Nalirudia kwa sababu baada ya majibu mwili mzima hugeuka kuwa kipimo: tumbo la chini likivuta kidogo, "imeshasambaa". Hofu yenyewe hukaza misuli ya tumbo na nyonga, huharibu choo, hupeleka mtu haja ndogo kila mara, na inaweza kuvuruga siku za hedhi. Maumivu uliyoanza kuyasikia siku mbili baada ya majibu yana uwezekano mkubwa wa kuwa ya hofu. Usijichunguze kwa kidole kila ukioga. Huwezi kulihisi doa, na utajiumiza.

Dalili za kukufanya uende bila kusubiri tarehe ni hizi: damu baada ya tendo la ndoa, damu kwa aliyekwisha koma hedhi, damu katikati ya mwezi inayojirudia, uchafu wenye harufu kali usioisha, mguu mmoja kuvimba, au kukonda bila sababu. Nyingi kati ya hizo nazo huwa na sababu nyepesi, ila anayetakiwa kusema hivyo ni daktari.

Kwa akili inayozunguka, njia inayowasaidia wengi ni kuipa hofu saa yake. Chagua dakika 20 za mchana, tuseme saa kumi na nusu baada ya kazi, mbali na kitanda. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika yanayojibika: "LEEP inauma?", "Naweza kuzaa tena?", "Bima inalipa?" Kulia andika yasiyo na jibu leo: "Itakuwaje nikifa?" Ya kushoto yanakuwa maswali ya kliniki. Ya kulia yaandike tu, funga daftari, dakika zikiisha simama ufanye kazi ya mikono. Wazo likija usiku, jiambie lina saa yake kesho. Siku mbili za mwanzo utajiona kama unajidanganya. Endelea mpaka wiki.

Ukiamka usiku na moyo unakimbia, pumua kwa hesabu: vuta hewa kwa nne, itoe polepole kwa sita, kwa dakika tano. Kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakotuliza mapigo. Simu iache chumba kingine. Picha za saratani utakazozikuta saa nane za usiku ni za hatua za mwisho, na huna namna ya kujua zimetoka wapi.

Kuna hofu inayopita kiwango cha daftari na pumzi: usingizi umekataa wiki mbili, chakula hakipiti, unalia kila siku, au umeanza kuona bora ufe. Hiyo ni hali ya kutibiwa kama nyingine yoyote, na kama wazo ni la kufa, nenda leo usisubiri kesho. Hospitali ya wilaya na ya mkoa ina kliniki ya afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Muombe muuguzi akupeleke. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Mume, mama mkwe na kikundi cha kwaya

Mwambie mtu mmoja. Sio watano. Chagua asiyeanza na "hata fulani alianza hivyohivyo akafa", anayeweza kukaa na wewe kliniki saa nne bila kulalamika. Kwa wengine huyo ni dada, kwa wengine shangazi, kwa wengine mwenzake wa sokoni. Kikundi cha kwaya au cha kuweka na kukopa kinaweza kupewa habari baadaye, ukishajua unaongea nini.

Kwa mume mambo ni mazito zaidi, kwa sababu HPV hupatikana kwa kujamiiana na swali la kwanza kichwani, kwake au kwako, ni nani kaileta. Jibu la kweli ni kwamba haijulikani, na hakuna kipimo cha kujua. Virusi vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Unaweza kuwa umevipata kabla hamjajuana, na yeye vilevile. Vinapita kwa kugusana ngozi za sehemu za siri, kwa hiyo kondomu hupunguza ila haifungi kabisa. Majibu haya hayathibitishi usaliti wa mtu yeyote. Wanaume hawapimwi HPV kama utaratibu wa kawaida, na hakuna kidonge cha kuviua virusi vyenyewe. Anayewauzia nyinyi wawili dozi ya "kuondoa HPV" anauza maneno.

Mazungumzo yawe mafupi na yaishie kwenye jambo la kufanya: "Baba Kulwa, nilipima kizazi, wameona mabadiliko ya awali. Wamesema sio saratani. Natakiwa tiba ya dakika chache tarehe kumi na nne, na baada ya hapo tupumzike mwezi mzima. Naomba unisindikize, au unipe nauli." Huo mwezi mzima uutaje mapema. Ukitajwa baada ya tiba, usiku, ndipo ugomvi unapozaliwa, na wapo wanaorudi kliniki na damu kwa sababu walishindwa kukataa. Ukiona hawezi kuambiwa bila hatari kwako, mueleze muuguzi. Anaweza kukusaidia namna ya kumweleza, na akupe kondomu za tahadhari.

Mama mkwe si lazima ajue. Akiuliza kuhusu kuzaa, majibu yapo: kugandisha na kuunguza kwa joto havifungi kizazi. LEEP nayo haikuzuii kushika mimba, ila huongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, hasa kipande kilichokatwa kikiwa kirefu au kazi ikirudiwa. Ukija kupata mimba, wataje kwenye kliniki ya wajawazito kwamba uliwahi kufanyiwa LEEP. Kama una mimba sasa hivi, kugandisha na kuunguza husubiri mpaka ujifungue, na kusubiri huko ni salama kama hakuna dalili ya saratani.

Kuhusu wauzaji wa kusafisha kizazi nitasema kwa ukali kidogo. Vidonge vya kuingiza ukeni, mvuke wa majani, kitunguu saumu, ndimu, na siki ya dukani kwa kuwa "hata hospitali wanatumia siki". Siki ya hospitali inapakwa ili kuonyesha doa, haitibu kitu. Hivyo vingine huunguza ngozi ya uke, huleta uvimbe, na mpimaji anayefuata anakuta mlango wa kizazi mwekundu usiosomeka. Tiba inaahirishwa mpaka uvimbe uishe. Umelipa hela ili ucheleweshwe.

Kupanga siku

Hesabu siku zako kwanza. Tiba haifanyiki ukiwa kwenye hedhi nzito, na siku mbili kabla yake usifanye tendo la ndoa wala kuingiza dawa yoyote ukeni. Wanawake wa mialoni wana hesabu ya pili. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika na vichanja vinakuwa vitupu. Omba tarehe iangukie mbalamwezi. Baada ya LEEP hutakiwi kubeba mizigo mizito kwa siku kadhaa, na ndoo ya dagaa wabichi ni mzigo. Anayetibiwa giza likiwa linaanza, kesho yake atainama kuanika, atake asitake, kwa sababu dagaa hawasubiri.

Kama unatoka visiwa vya Ukerewe, Ukara au Kome, sema hivyo mezani unapoandikishwa, kabla hujapewa namba ya foleni. Omba vitu viwili: kama inawezekana kuangaliwa na kutibiwa siku moja, na kama majibu ya maabara yanaweza kupatikana kwa simu au kupelekwa kituo chako. Kuvuka mara tatu kwa kitu kilichowezekana mara moja ndiko kunakofanya watu waache njiani. Meli ya kurudi Nansio, bandari ya Ukerewe, haitakusubiri, kwa hiyo tafuta pa kulala kabla ya kutoka nyumbani. Wa Sengerema wanapita daraja la Kigongo–Busisi au kivuko cha Kamanga, wanaweza kwenda na kurudi. Barua ya rufaa, kadi ya kliniki, kitambulisho na kadi ya bima viwe kwenye mfuko mmoja. Ukifika hospitali ya rufaa bila barua utarudishwa au utalipishwa kama uliyejileta. Gharama ziulize siku ya kupewa rufaa: kumwona daktari ni kiasi gani, LEEP kiasi gani, na maabara kiasi gani, maana maabara huwa ni malipo yake peke yake na ndiyo yanayowashtukiza watu. Usipoweza, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa ajili hiyo. Nenda kabla ya tiba, usiende ukiwa na deni tayari.

Asubuhi kula. Vaa sketi au gauni pana, beba khanga mbili na pedi tatu. Kitandani sogeza makalio mpaka ukingoni; wengi hubaki juu kwa aibu, na spekulamu ikikaa vibaya ndipo inauma. Toa pumzi wakati inaingia, legeza taya na vidole vya miguu. Ukitaka apumzike kidogo, sema "sista, subiri", naye atasubiri. Unaweza kuomba mhudumu mwanamke. Wakati wa kugandisha utasikia tumbo likikaza kama la hedhi. Kuunguza ni mkazo mfupi zaidi. LEEP, kinachosumbua ni sindano ya ganzi, na sauti ya mashine. Kaa dakika kumi kabla ya kusimama, kwa sababu baadhi hupata kizunguzungu.

Baada yake

Hapa ndipo hofu ya pili inapoingia, kwa sababu hakuna aliyewaambia watu majimaji yatakuwa mengi kiasi gani. Baada ya kugandisha, maji maji mepesi hutoka wiki nne, wakati mwingine sita, pedi kadhaa kwa siku, pengine na rangi ya damu kidogo. Kuunguza huleta machache. LEEP hutoa uchafu wa kahawia au mweusi kama mashapo ya kahawa kwa wiki moja hadi mbili na zaidi kidogo. Yote hayo ni kupona. Tumia pedi au kitambaa safi cha nje, kilichofuliwa kwa sabuni na kukauka juani. Usiingize kitu ndani. Oga kwa ndoo na kata. Kujitumbukiza ziwani acha mpaka majimaji yakauke. Tendo la ndoa baada ya wiki nne, na ikishindikana kabisa, kondomu kila mara.

Rudi kituoni siku hiyohiyo ukiona pedi inajaa ndani ya saa moja, mabonge ya damu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha wenye harufu, au maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua. Usisubiri tarehe ya marudio kwa kuogopa kusemwa.

Anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya asiye navyo, na mabadiliko yake hurudi kirahisi zaidi baada ya tiba. Dawa za ARV azimeze bila kuruka, na tarehe za kupima mlango wa kizazi ziandikwe kwenye kadi yake ya CTC (kliniki ya VVU) pembeni ya tarehe za dawa, ili asipange safari mbili.

Wengi wataanza kuwaza mabinti zao. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilihamia dozi moja, wakilengwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haitakuondolea wewe doa ulilonalo, lakini kwa binti inafanya kazi vizuri zaidi akiipata kabla hajaanza kujamiiana. Ukienda kuchukua majibu yako, uliza dirisha la chanjo.

Marudio ni baada ya miezi 12, hata kama unajisikia mzima, hasa kama unajisikia mzima. Tiba hizi huwaponyesha zaidi ya wanane kati ya kumi kwa mara moja. Waliobaki hugunduliwa kwenye marudio hayo na kutibiwa tena, mara nyingi kwa LEEP. Kipimo cha HPV kikiwa bado chanya mwaka ule, utaangaliwa tena mlango wa kizazi kabla ya uamuzi wowote, kwa hiyo usianze kujizika. Weka tarehe kwenye simu, uiandike na nyuma ya kadi ya kliniki. Na ukibadilisha laini, rudi kituoni waandike namba mpya: majibu mengi hukaa kwenye droo ya nesi kwa sababu tu namba iliyoandikwa haipatikani tena.